Faili limefika lakini halifunguki: mwongozo kamili wa modi ya maandishi na modi ya bainari

Mwaka mmoja, baada ya mahafali ya kidato cha nne, nilipakia picha za sekondari moja ya hapa Tabora kwenye seva ya tovuti yao. Nilitumia kompyuta ya Windows na FTP, njia ya zamani ya kusafirisha mafaili kwenda seva, na kazi ikaisha bila ujumbe wowote wa kosa. Asubuhi mwalimu wa TEHAMA akanipigia: "Fundi, majina ya picha yapo, picha zenyewe hazipo." Kila picha ilionyesha kipande cha juu, pengine paji la uso la mwanafunzi, kisha rangi ya kijivu mpaka chini. Nikalaumu intaneti. Nikaongeza bando, nikapakia zote upya usiku kucha. Matokeo yakawa yaleyale: picha ileile ikiharibikia palepale.

Hiyo "palepale" ndiyo dalili ya kwanza ninayotaka uishike. Mtandao mbovu haurudii kosa mahali pamoja mara mbili. Faili likiharibika kwa namna ileile kila unapolituma, chanzo si mnara wa simu wala mvua ya masika. Kuna programu inayolibadilisha faili kwa makusudi, kwa sababu imeambiwa kwamba hilo ni andiko.

Programu inabadilisha nini hasa

Ukibonyeza Enter unapoandika, kompyuta huhifadhi alama ya mwisho wa mstari. Asili yake ni mashine za kuchapa za zamani, ambazo zilihitaji vitendo viwili: kurudisha kichwa cha mashine mwanzo wa mstari, kisha kusogeza karatasi juu. Aliyewahi kuona mpiga chapa akifanya kazi mbele ya mahakama anaikumbuka sauti yake. Kitendo cha kwanza kina namba 13 na huitwa CR. Cha pili kina namba 10 na huitwa LF. Windows huandika zote mbili, 13 kisha 10. Linux, na Mac za leo, huandika 10 peke yake. Mac za zamani ziliandika 13 peke yake.

FTP ilianza mwaka 1971, enzi ambapo kila aina ya kompyuta ilikuwa na desturi zake. Kanuni zake zinazotumika mpaka leo, RFC 959 ya Oktoba 1985, zinatambua namna kadhaa za kusafirisha, na mbili ndizo zinazotuhusu. Katika modi ya maandishi, ambayo kwenye programu utaikuta kwa jina la ASCII, alama za mwisho wa mistari hubadilishwa zifuate desturi ya kompyuta inayopokea. Katika modi ya bainari kila baiti, yaani kila namba inayounda faili, hufika kama ilivyotoka. Ni kama kusafirisha ndoo ya asali kutoka Sikonge: bainari huipeleka ikiwa na mfuniko wake, maandishi huifungua njiani na kuimimina kwenye chombo cha nyumba inakokwenda. Na kwa mujibu wa RFC 959, usiposema lolote, FTP huanza na modi ya maandishi.

Kwa barua au orodha ya majina, ubadilishaji huo ni msaada. Lakini ndani ya picha namba 10 si mwisho wa mstari. Ni sehemu ya rangi ya shati la mtu. Ukiiongezea 13 mbele, kila kinachofuata kinasogea, na programu ya kufungua picha inapotea njia.

Hatua ya kwanza: hesabu baiti

Usianze kwa kubadili mipangilio. Anza kwa kupima, kwa sababu ukubwa wa faili unakuambia kosa ni lipi na faili lilikuwa likielekea wapi lilipoharibika.

Kwenye Windows fungua kidirisha cha amri, nenda kwenye folda yako, andika:

`dir picha.jpg`

Kwenye seva ya Linux:

`ls -l picha.jpg`

Soma namba kamili ya baiti. Usitumie MB, maana MB 3 hapa na MB 3 kule zinaweza kuficha tofauti ya maelfu ya baiti. Usisome pia ile namba ya "Size on disk" ya Windows, kwa kuwa hiyo ni nafasi iliyokaliwa kwenye diski, si urefu wa faili.

Tuseme picha ya asili ina baiti 3,145,728. Iliyofika ikiwa na idadi ileile, modi haina kosa. Tafuta kwingine: huenda mtu amebadili kiendelezi, yaani herufi za mwisho wa jina kama .jpg, au picha iliharibika kwenye kadi ya kamera kabla hujaigusa.

Iliyofika ikiwa kubwa kidogo, imetoka Linux kwenda Windows kwa modi ya maandishi. Hesabu yake ni rahisi na inafaa kuikumbuka. Baiti moja ina thamani 256 zinazowezekana. Katika faili lililobanwa, kama JPEG au ZIP, thamani hizo zimechanganyika karibu sawa, kwa hiyo namba 10 hujitokeza takriban mara moja katika kila baiti 256. Kila ilipotokea imeongezewa 13. Gawanya 3,145,728 kwa 256, unapata 12,288. Ukiona faili limenenepa kwa karibu baiti elfu kumi na mbili, huhitaji ushahidi mwingine.

Iliyofika ikiwa ndogo kidogo, imetoka Windows kwenda Linux. Hapa jozi ya 13 na 10 zilizofuatana imepunguzwa ikabaki 10. Jozi kama hiyo hutokea takriban mara moja katika kila baiti 65,536, hivyo picha yetu itapoteza kama 48 tu. Wengi huona upungufu wa baiti 48 katika milioni tatu wakaupuuza. Usiupuuze. Ndio uliozikata picha za mahafali.

Iliyofika ikiwa fupi mno, nusu au robo, kuna mambo mawili. Umeme au mtandao ulikatika katikati, na hapo ukijaribu tena utapata urefu tofauti. Au programu fulani ya Windows imelisoma faili kama andiko na kusimama kwenye namba 26, ambayo tangu enzi za DOS, mfumo uliotangulia Windows, ilihesabiwa kuwa mwisho wa andiko. Ikiwa hivyo, kila jaribio litakatika kwenye baiti ileile.

Hatua ya pili: tuma picha ya PNG kama kipimo

Wakati mwingine huna faili la asili la kulinganisha nalo. Mteja amekutumia kilichoharibika, na kilicho kizima kipo Kasulu kwenye kompyuta ambayo mwenyewe amesafiri. Hapo mimi hutuma au huomba PNG yoyote, hata nembo ndogo, ipite njia ileile. Waliobuni PNG katikati ya miaka ya 1990 walilijua tatizo hili, wakaweka mtego katika baiti nane za kwanza za kila picha. Zikiandikwa kwa hesabu ya kumi na sita ni hizi:

`89 50 4e 47 0d 0a 1a 0a`

Zitazame upya. Ile 0d 0a, yaani 13 na 10, ni jozi ya Windows. 1a ni ile namba 26 ya DOS. 0a ya mwisho ni mstari wa Linux. Na 89 ya mwanzo imewekwa kwa ajili ya njia za zamani zilizokuwa zikikata biti ya nane. Zikiipata, inageuka 09. Kwenye Linux isome hivi:

`od -t x1 -N 8 nembo.png`

Kwenye Windows fungua PowerShell, andika `Format-Hex nembo.png | more`, usome mstari wa kwanza wa data, chini ya kichwa.

Ukikuta `89 50 4e 47 0a 1a 0a`, ile 0d imeliwa: faili limepanda kutoka Windows kwenda Linux kwa modi ya maandishi. Ukikuta `89 50 4e 47 0d 0d 0a 1a 0d 0a`, 0d zimeongezwa: limeshuka kutoka Linux kwenda Windows. Zikiwa nane kamili kama zilivyo hapo juu, njia yako ni safi, na hukulazimika kubahatisha.

Hatua ya tatu: weka modi sahihi

Kwenye amri ya `ftp` ya Windows, ukishaingia kwa jina na nywila, andika `type`. Itakuambia modi inayotumika, na kwa kawaida itataja ascii. Andika `binary`, subiri seva ijibu kwa ujumbe unaoanza na 200, ndipo utume. Ukifunga na kuunganisha upya, anza tena na `binary`. Usiamini kwamba inakumbuka.

Kwenye FileZilla, fungua menyu ya Transfer, kisha Transfer type, uchague Binary. Kawaida imewekwa Auto, yaani programu inaamua kwa kutazama kiendelezi cha jina: .txt na .php ni andiko, .jpg si andiko. Tatizo la Auto ni mafaili yasiyo na kiendelezi. Kwenye Edit, Settings, sehemu ya Transfers yenye File Types, kuna kisanduku kinachoagiza mafaili ya namna hiyo yachukuliwe kuwa ya maandishi. Kitoe tiki. Baadhi ya chelezo za hifadhidata na baadhi ya mafaili yanayotoka kwenye simu hayana kiendelezi, nayo huharibika hapo bila mtu kujua. Mimi kwenye kila kompyuta ninayoitengeneza huweka Binary moja kwa moja, hata kwa maandishi, na alama za mistari nazishughulikia baadaye kwa mkono. Andiko lililofika na alama za Windows linatengenezeka kwa amri moja. Picha iliyopoteza baiti 48 haitengenezeki.

Kama kazi inafanywa na programu uliyoandika mwenyewe, tazama maneno haya. Kwenye Python, maktaba ya ftplib ina `storbinary` na `retrbinary` za bainari, na `storlines` na `retrlines` za maandishi. Faili la kwenye diski nalo lifunguliwe kwa `'rb'` au `'wb'`. Kwenye PHP, `ftp_put` inapokea `FTP_BINARY` au `FTP_ASCII`. Andika `FTP_BINARY` kila mara, hata pale ambapo toleo lako halikulazimishi.

Kuna mtego mmoja unaotuhusu sana sisi ambao umeme na mtandao hukatika kazi ikiendelea: kuendeleza upakuaji pale ulipoishia. Programu hutazama urefu wa kipande kilichokwisha kufika na kumwambia mwenzake aanzie baiti hiyo. Katika modi ya maandishi urefu wa upande huu haulingani na wa upande ule, kwa hiyo kipande cha pili huungwa mahali pasipo pake. Kama sehemu ya kwanza ilishuka kwa modi ya maandishi, kubadili bainari sasa na kuendeleza hakusaidii. Futa kipande hicho, anza upya. Najua bando linauma, lakini ukiendeleza utalipa mara mbili.

Hatua ya nne: okoa kinachookoka

Kama cha asili kipo, usihangaike na matibabu, tuma upya. Kama hakipo, mwelekeo wa kosa ndio unaoamua.

Faili lililonenepa lina matumaini. Ikiwa programu iliongeza 13 mbele ya kila 10 bila kubagua, kuondoa 13 moja mbele ya kila 10 kunalirudisha kama lilivyokuwa. Fanya kwenye nakala, kamwe si kwenye faili pekee ulilonalo:

`python3 -c "d=open('mbaya.jpg','rb').read();open('jaribio.jpg','wb').write(d.replace(b'\r\n',b'\n'))"`

Kwenye Windows, `python3` inaweza kuwa `python` tu. Kisha fungua jaribio.jpg. Kama ni ZIP, liagize likaguliwe kwa `unzip -t jaribio.zip`, maana ZIP hubeba ndani yake namba ya kujihakiki. Baadhi ya programu haziongezi 13 pale ambapo nyingine ilikuwapo tayari, na hapo tiba hii haikamiliki. Kwa hiyo pokea matokeo baada ya kuyakagua, si kwa sababu amri imepita kimya. Usitumie `dos2unix` kwa kazi hii. Yenyewe huruka mafaili ya bainari, na ni vyema kwamba huruka.

Faili lililopungua halina njia ya namna hiyo. Ndani yake zimo 10 nyingi: nyingine zilikuwa peke yake tangu mwanzo, nyingine zilikuwa na 13 mbele yake, na hakuna alama iliyobaki ya kuzitofautisha. Mwambie mteja ukweli mapema ili aende kutafuta cha asili kabla kadi ya kamera haijafutwa.

Tatizo la upande wa pili: maandishi yaliyofika bila kubadilishwa

Siku hizi wengi wamehamia SFTP, ile inayopita ndani ya SSH, muunganisho uliosimbwa, kwenye mlango namba 22, na ni uamuzi mzuri, kwa sababu FTP ya kawaida hutuma nywila wazi bila kuificha. Hata vivinjari vimeiacha FTP: Firefox na Chrome ziliiondoa mwaka 2021. Amri ya `sftp` ya OpenSSH haina modi ya maandishi. Kila kitu ni bainari, kwa hiyo picha zako ziko salama. Seva nyingi zinazotumia vsftpd, programu ya FTP ya Linux, nazo huja zikiwa zimezima ubadilishaji: zinaipokea amri yako ya ascii kwa heshima zote, kisha zinatuma faili kama lilivyo.

Lakini sasa maandishi ndiyo yanayolalamika. Umeandika hati ya amri ya kuchukua chelezo kila usiku kwa Notepad, umeipeleka kwenye seva, umeiendesha, na seva inajibu:

`/bin/bash^M: bad interpreter: No such file or directory`

Ile ^M ni namba 13 iliyobaki mwishoni mwa mstari wa kwanza. Linux inatafuta programu yenye jina la bash likiwa na 13 mkiani, na programu hiyo haipo. Hakikisha kwa:

`cat -A chelezo.sh | head -3`

Mistari ikiishia na `^M$` badala ya `$` peke yake, tibu kwa `dos2unix chelezo.sh`. Kama haijasakinishwa, tumia:

`sed -i 's/\r$//' chelezo.sh`

Kwenye Notepad ya matoleo mapya ya Windows, kona ya chini kulia utaona limeandikwa Windows (CRLF) au Unix (LF). Izoeshe macho. Notepad za kabla ya mwaka 2018 hazikuielewa LF, ndiyo maana kwenye kompyuta za zamani faili la seva huonekana kama mstari mmoja mrefu usiokwisha. Faili hilo ni zima. Lifungue kwa Notepad++.

Dalili mbili zinazofanana na kosa la modi

Ya kwanza ni ritifaa. Orodha ya wanachama wa kata ya Ng'ambo inafunguka kwenye Excel ikisema "Ngâ€™ambo". Watu huja nayo wakidhani ni FTP. Sivyo. Word huigeuza ' iwe ’ iliyopinda, na kwenye UTF-8, mpangilio wa kuhifadhi herufi kama baiti, alama hiyo huchukua baiti tatu. Excel ikiifungua CSV, yaani orodha ya maandishi matupu, bila kujua kwamba ni UTF-8, inazisoma kama herufi tatu tofauti. Baiti zote zimefika salama, kinachokosewa ni usomaji. Kwenye Excel ingiza faili kupitia menyu ya Data ukichagua UTF-8, badala ya kulibofya mara mbili.

Ya pili ni kinyume chake: inaonekana kosa la usomaji, kumbe ni la modi. Excel ikihifadhi kwa Unicode Text, faili linakuwa UTF-16, ambapo kila herufi ni baiti mbili. Lishushe kutoka Linux kwenda Windows kwa modi ya maandishi, na 13 moja isiyo na mwenzake inaingizwa mbele ya kila 10. Mstari wa kwanza unasomeka vizuri, wa pili unageuka herufi za Kichina, wa tatu unasomeka, wa nne Kichina tena, kwa sababu kila 13 inayoongezwa inazisogeza jozi, na inayofuata inazirudisha. Ukiona mpishano huo wa mstari kwa mstari, rudi hatua ya tatu, weka bainari, shusha upya.

Kabla ya kufuta chochote

Kwa mzigo mkubwa, kulinganisha ukubwa wa kila faili kunachosha, na faili mbili zinaweza kuwa na urefu sawa zikatofautiana ndani. Tumia alama ya SHA-256, mfuatano wa herufi unaokokotolewa kutoka baiti zote za faili. Kwenye Windows:

`certutil -hashfile picha-zote.zip SHA256`

Kwenye seva:

`sha256sum picha-zote.zip`

Zipu picha zote ziwe faili moja kabla ya kutuma, ili ulinganishe alama moja badala ya mamia. Herufi zote 64 zikilingana, unaweza kumrudishia mwalimu kadi yake na kumwambia aifute. Zisipolingana, kadi inabaki mezani kwako.